Programu Inasema Dereva Amekimbiza Gari: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kumwita Ofisini

Msimamizi wa magari ya kampuni anapofungua ripoti ya asubuhi ya programu ya simu inayorekodi mwendo wa kila dereva, na kukuta jina la dereva limewekewa alama nyekundu, jambo la kwanza linalomjia ni kumwita dereva huyo ajieleze. Mwongozo huu unapendekeza mpangilio mwingine: ianze kukaguliwa simu, ifuate ramani na mipangilio ya programu, kisha ratiba ya safari iliyotolewa na ofisi yenyewe, na dereva awe wa mwisho. Sababu yake ni ya kivitendo. Dereva aliyeonywa mara moja kwa kosa ambalo hakulitenda hataiamini tena programu hiyo hata siku itakaposema kweli, na wenzake wote pale yadi watakuwa na habari kabla ya saa sita mchana.

Kabla ya kuanza kutafuta hitilafu ni vizuri kujua kipimo chenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa saa nje ya maeneo hayo kwa magari ya biashara yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Kwa hiyo Fuso na Kirikuu za kampuni moja, zikiwa zimeongozana kutoka Vingunguti, Dar es Salaam, hadi Chalinze, zinaweza kuhitaji vikomo viwili tofauti katika kipande kimoja cha barabara. Programu iliyowekewa namba moja kwa magari yote itakosea tu. Kwa gari dogo likiwa nje ya mji, kampuni ijiwekee kikomo chake yenyewe, ikiandike, na madereva wakisaini.

Dalili: kasi ambayo haiwezekani

Tuseme ripoti inaonyesha Fuso ikienda kilomita 112 kwa saa katika Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, mchana wa siku ya kazi, mahali ambapo saa hizo hata mwenye mkokoteni humpita mwenye gari. Hapo usiishie kwenye ile namba nyekundu. Fungua nukta za safari, yaani mahali na saa ambazo simu imerekodi, moja moja. Utakuta, kwa mfano, nukta ya kwanza imerekodiwa saa 12:04:10 na ya pili saa 12:04:20, na umbali kati yake ni mita 310. Mita 310 kwa sekunde 10 ni mita 31 kwa sekunde. Ukizidisha kwa 3.6 unapata takribani kilomita 112 kwa saa. Hesabu ni sahihi kabisa. Kilichokosewa ni mahali pa nukta ya pili, ambayo ukiikuza kwenye ramani utaiona imeangukia juu ya paa la jengo mtaa wa pili.

Chanzo chake ni mawimbi ya setelaiti kugonga kuta za maghorofa kabla ya kuifikia simu, na hivyo simu kudhani iko mahali ambapo haipo. Hali huwa mbaya zaidi simu inapokuwa imetupwa ndani ya dashibodi au imo mfukoni mwa dereva, kwa kuwa hapo simu hukosa setelaiti za kutosha na kukisia mahali ilipo kwa minara ya mtandao, ambayo inaweza kukosea kwa mamia ya mita. Suluhisho ni mambo matatu yanayokwenda pamoja. Simu ifungwe kwenye stendi karibu na kioo cha mbele. Programu iagizwe kutupa nukta zote ambazo simu yenyewe imekiri kuwa hazina uhakika, kwa mfano zile zenye kosa linalozidi mita 30. Na kasi isomwe moja kwa moja kutoka kwenye kipokezi cha GPS, ambacho huipima kwa mabadiliko ya mawimbi yenyewe, badala ya kukokotolewa kwa kugawa umbali kwa muda kati ya nukta mbili. Mtengenezaji wa programu akiulizwa swali hili la mwisho na akashindwa kulijibu, hiyo nayo ni taarifa ya kutosha kuhusu programu yake.

Ndugu wa tatizo hili ni barabara zinazopishana juu kwa juu. Pale Ubungo, daraja la Kijazi lina ngazi tatu. Pale TAZARA, daraja la Mfugale linapitisha Barabara ya Nyerere juu ya Barabara ya Mandela. Ramani ya programu huiona nukta kama imetazamwa kutoka angani, hivyo inaweza kuliweka gari kwenye barabara ambayo halikupita na kulipimia kikomo cha barabara hiyo. Kosa linalotokea kwenye makutano ya namna hii pekee, na kwa sekunde chache, lifutwe bila mjadala.

Dalili: dereva anasema dashibodi ilionyesha namba nyingine

Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 kuhusu vipima mwendo vya magari inakataza kipimo kuonyesha kasi iliyo chini ya kasi halisi, lakini inakiruhusu kuzidisha hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Gari linalokwenda kilomita 50 halisi linaweza kuonyesha hadi 59 bila kuwa na ubovu wowote. Kwa hiyo dereva anayesema mshale ulikuwa juu kuliko programu hana cha kulalamikia. Anayehitaji kusikilizwa ni yule anayesema mshale ulikuwa chini. Muulize kuhusu matairi. Gari lililobadilishiwa matairi makubwa kuliko yale liliyotoka nayo kiwandani husogea mbali zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na mshale huonyesha kasi pungufu. Dereva wa gari hilo amekuwa akivuka kikomo kwa nia njema kabisa, na anayepaswa kujibu ni aliyeidhinisha matairi hayo.

Dalili: saa za kosa hazilingani na saa za safari

Ripoti inasema kosa limetendeka saa 05:10. Msimamizi anasoma saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, na dereva anaapa kwamba muda huo alikuwa amelala kwake Mbagala. Angalia mpangilio wa saa kwenye seva. Seva nyingi hurekodi kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa 3, hivyo 05:10 hiyo kwetu ni saa mbili na dakika kumi asubuhi, wakati gari lilikuwa tayari liko Barabara ya Mandela. Rekebisha mpangilio huo mara moja, na ripoti zote za zamani zisomwe upya kabla ya kutumiwa dhidi ya mtu yeyote.

Dalili: programu haijawahi kulia hata siku moja

Kikosi kizima cha magari kisicho na kosa hata moja kwa mwezi, katika mji huu, kinahitaji kuchunguzwa kuliko kile chenye makosa. Anza na kipimo: programu nyingi hutengenezwa Marekani au Uingereza na huja zikihesabu kwa maili. Kikomo kilichoandikwa 80 kikiwa ni maili ni sawa na karibu kilomita 129 kwa saa, na hakuna Canter yenye mzigo itakayofika huko. Kisha angalia kama ramani inayotumiwa ina vikomo vya kasi kwa barabara zetu. Panapokosekana kikomo, baadhi ya programu hunyamaza tu. Dawa ni kuchora mipaka mwenyewe. Chora eneo la mjini lenye kikomo cha 50, chora barabara kuu ya nje ya mji, na weka alama za pekee mbele ya shule na sokoni. Ni kazi ya kuchosha, lakini haina mbadala.

Kisha angalia kila baada ya muda gani simu inarekodi. Ili kuokoa betri na bando, programu nyingine hurekodi nukta moja kwa kila dakika. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri zaidi ya mita 1,300 ndani ya dakika hiyo, kiasi kwamba dereva anaweza kukanyaga mafuta, kupita gari tatu na kupunguza mwendo bila nukta hata moja kumnasa. Nukta moja kwa kila sekunde 5 hadi 10 inatosha kwa kazi hii.

Dalili: mapengo kwenye safari

Safari inaanza Chang'ombe, inakatika Kimara, inaibukia Mlandizi. Dereva anasema simu ilizima. Wasimamizi wengi hapa hudhani wamedanganywa, na wakati mwingine ni kweli, lakini chanzo cha kawaida zaidi ni simu yenyewe. Simu nyingi za Android za bei nafuu zina utaratibu mkali wa kuokoa betri unaozima programu yoyote inayofanya kazi kimyakimya baada ya kioo kuzimika. Ingia kwenye mipangilio, uitoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazodhibitiwa, na uhakikishe ruhusa ya mahali imewekwa kuwa ya wakati wote na si wakati programu inapotumiwa tu. Simu ikipata sasisho la mfumo, rudia ukaguzi huo, kwa kuwa mipangilio inaweza kubadilika bila mtu kuigusa.

Bando likiisha, programu nzuri huhifadhi nukta ndani ya simu na kuzituma mtandao ukirudi, hivyo pengo hujazika baadaye. Pengo lisilojazika kamwe maana yake ni kwamba kurekodi kwenyewe kulikoma. Namna ya kutofautisha hitilafu na ujanja ni kulinganisha kilomita zilizo kwenye dashibodi ya gari na zile za programu kwa wiki nzima. Hitilafu ya simu huacha mapengo popote, hata kwenye foleni ya Buguruni ambako hakuna cha kuficha. Mapengo yanayopenda kipande kilekile cha barabara nyoofu, safari baada ya safari, na kwa dereva mmoja tu, yana mwenyewe.

Kuna pia ujanja wa kuiacha simu yadi, au kumpa utingo wa gari lingine. Huo hujulikana kirahisi: gari limefikisha mzigo Kibaha na hati ya kupokelea imesainiwa, wakati simu haikutoka Vingunguti. Kinyume chake hutokea pia, na hapa dereva huonewa. Amelaza gari, amepanda bodaboda kurudi nyumbani, programu bado inarekodi, na kasi ya bodaboda inaandikwa kwa namba ya Fuso. Programu ifungwe kwenye zamu: dereva aianzishe anapokabidhiwa gari na ajitoe anapolikabidhi.

Dalili: maonyo ni mengi mpaka hakuna anayeyasikia

Programu inayolia kila mshale unapogusa 51 itazimwa sauti kabla ya wiki kuisha. Weka onyo litoke pale kasi inapovuka kikomo kwa kiasi kinachoeleweka na kubaki hapo kwa sekunde kadhaa mfululizo. Kilomita 5 kwa saa juu ya kikomo, kwa sekunde 10, ni mahali pazuri pa kuanzia. Nafuu hiyo ni ya kengele tu, na madereva waelezwe waziwazi kwamba tochi ya trafiki, kile kifaa chao cha kupimia mwendo, haina makubaliano na programu ya kampuni. Onyo liwe la sauti, kwa Kiswahili, sentensi moja fupi. Programu inayomtaka dereva asome maandishi au abonyeze kitufe akiwa mwendoni imeleta hatari mpya mahali pa ile ya zamani.

Dalili: alama za dereva ni nzuri, lakini faini zinaendelea kuja

Mfumo wa Jeshi la Polisi huruhusu kuangalia deni la faini kwa namba ya gari, na ukaguzi huo ufanywe kila wiki sambamba na ripoti ya programu. Vikitofautiana, tazama namna alama zinavyokokotolewa. Alama ya wastani wa kasi ya siku ni bure kabisa kwa Dar es Salaam, kwa sababu saa mbili za foleni huushusha wastani wa dereva yeyote hadi aonekane mcha Mungu. Kinachofaa kupimwa ni sehemu ya muda ambao barabara ilikuwa wazi na dereva alikuwa juu ya kikomo. Itazame pia ramani ya kasi yake pale trafiki wanapozoea kusimama: dereva anayeshuka hadi 50 hapo tu, baada ya kuwashiwa taa na wenzake wanaotoka mbele, na kupanda tena mita mia tatu baadaye, amejifunza kuikwepa tochi.

Dalili: makosa yanajirudia saa zilezile na njia ileile, kwa madereva tofauti

Ukishahakikisha simu na ramani ziko sawa, panga makosa kwa saa na kwa njia kabla ya kuyapanga kwa majina. Kosa linalofuata njia na saa bila kujali ni nani anashika usukani linatoka ofisini. Kwa mtazamo wa mwandishi, hapa ndipo lilipo tatizo kubwa la kampuni nyingi, na ndipo pasipotazamwa kwa sababu anayetazama ndiye aliyepanga ratiba.

Chukua mzigo unaotakiwa kufika Kibaha saa nne asubuhi. Karatasi inasema gari litoke ghalani saa mbili. Kwa kweli wapakiaji wanamaliza saa mbili na nusu, karani wa ankara anachelewa kusaini, na gari linavuka Ubungo saa tatu na robo likiwa limebanwa pande zote. Baada ya Kimara barabara inafunguka kwa njia nyingi kuelekea Kibaha, na simu ya dereva inaita: mteja analalamika, uko wapi? Hapo ndipo programu inaporekodi kilomita 100 kwa saa. Kesho yake msimamizi anamwonya dereva kwa mwendo ambao mpangaji wa safari aliuomba kwa simu.

Hesabu yenyewe haimsaidii hata huyo aliyepiga simu. Kilomita 20 kwa mwendo wa 80 huchukua dakika 15. Kwa mwendo wa 100 huchukua dakika 12. Dakika tatu ndizo zilizookolewa, wakati ghalani zilipotea thelathini. Kwa upande wa pili wa mizani, nishati inayobebwa na gari hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, hivyo kutoka 80 hadi 100 inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila ongezeko la asilimia 1 la wastani wa kasi huongeza hatari ya ajali za vifo kwa takribani asilimia 4.

Matengenezo yako wazi, ingawa hayapendezi kwenye vikao. Muda wa kutoka ghalani urekodiwe kwenye programu ileile inayomrekodi dereva, ili ucheleweshaji uwe na mwenyewe. Muda wa kufika uhesabiwe upya kutoka kwenye safari halisi za miezi iliyopita, foleni zikiwemo, na si kutoka kwenye ramani. Simu kwa dereva aliye mwendoni zipigwe marufuku. Mteja aulize ofisini. Posho inayolipwa kwa idadi ya tripu, ambayo humwambia dereva jambo moja huku programu ikimwambia jingine, iangaliwe upya kwa makini, kwa kuwa mwisho wa mwezi posho ndiyo husikilizwa.

Angalia pia saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, hairuhusu zaidi ya saa 12 kwa siku pamoja na za ziada, na inadai mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Makosa yanayorundikana mwisho wa zamu ndefu ni ya mtu anayekimbilia kulala.

Dalili: dereva anakataa programu au anaifuta

Sikiliza sababu kabla ya kuita ukaidi. Kama simu na bando ni vyake, ana hoja. Kampuni inunue simu za magari. Kama anahofia kufuatiliwa Jumapili akiwa kwa wakwe zake, ana hoja nzito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu mwajiri anayekusanya taarifa za mahali alipo mfanyakazi: anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kumweleza mhusika kinachokusanywa na sababu yake, na kutokitumia kwa jambo jingine. Waraka wa ukurasa mmoja unaosema nini kinarekodiwa, kwa saa zipi, nani anaona na kinafutwa lini huondoa sehemu kubwa ya ukaidi huo.

Dalili: kila kitu kimekaguliwa, na bado ni dereva yuleyule

Sasa aitwe. Awekwe mbele ya ramani ya safari zake, si mbele ya alama nyekundu, na apewe nafasi ya kueleza kila kipande. Mazungumzo ya kwanza yafanywe na mtu anayemheshimu, mara nyingi dereva mkongwe wa yadi kuliko afisa wa ofisini. Asiandamwe kwa kukatwa mshahara: sheria ileile ya ajira hairuhusu makato ya kiholela, na hata yale ya hasara iliyosababishwa na mfanyakazi yanahitaji makubaliano ya maandishi na utaratibu wa haki, na hayapaswi kuzidi robo ya ujira wake. Adhabu ya pesa iliyotolewa kwa hasira huishia kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hapo zile nukta zilizoangukia juu ya mapaa ya Kariakoo zitasomwa kwa sauti.

Asipobadilika baada ya mazungumzo, onyo la maandishi lifuate hatua za nidhamu za kampuni, na wakati huo aondolewe kwenye njia ndefu na kupewa mizunguko ya mjini, ambako foleni itamsaidia kutii. Kwa magari makubwa na ya abiria, simu ya dereva isitegemewe peke yake. Kifaa cha GPS kilichofungwa kwenye gari hakisahauliki yadi wala hakiishiwi chaji. Mabasi ya masafa marefu tayari yamo kwenye mfumo wa ufuatiliaji wa LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na kampuni yenye basi la namna hiyo ilinganishe taarifa za mfumo huo na za programu yake kila mwezi, ikitafuta siku ambazo moja inaonyesha kosa na nyingine iko kimya.